Cha kuandika kinapokwisha: nilivyopata mada mpya za blogu nikiwa Dodoma

Blogu yangu inahusu Dodoma: kilimo, viwanja, chakula, usafiri, na namna mgeni anavyoweza kuhamia huku bila kuliwa na madalali. Nilipoianza nilikuwa na mengi ya kuandika hadi nakosa usingizi. Serikali ilikuwa inahamia, watumishi wanashuka na mabegi yao kutoka Dar es Salaam, hawajui Area D wala Chang'ombe, kila mmoja anauliza nyumba za kupanga zinapatikana wapi, maji yanatoka siku gani, hili vumbi linaisha mwezi gani. Mimi nimekulia hapa. Kazi yangu ilikuwa kukaa na kuandika ninachokijua, na watu walisoma.

Kisha kikaisha. Anayeandika kwa kumimina ya kichwani mwake tu ana akiba ya mwaka mmoja, miwili akiwa mbahili, na hakuna aliyenidokeza mapema. Nikaanza kuahirisha. Makala ya Jumatatu ikawa ya Alhamisi, ya Alhamisi ikasogea wiki ijayo. Nafungua laptopu, naangalia ukurasa mweupe, nafunga, natoka kwenda kijiweni kunywa kahawa. Na shida yenyewe huwezi hata kumlilia mtu. Ukisema "sina cha kuandika" unaangaliwa kama mtu anayelalamika kwamba amechoka kupumzika.

Kipindi hicho ndipo ilipozaliwa makala yangu ya "Faida 10 za kula zabibu". Mdogo wangu wa kike aliisoma, akanipigia: "Kaka, hii si ndiyo ile niliyoisoma kwa yule jamaa wa Mwanza?" Hakuwa amekosea sana. Yule wa Mwanza naye aliitoa kwa mwingine, na huyo mwingine aliitafsiri kutoka Kiingereza. Ukitaka kujua hali ya maudhui ya Kiswahili mtandaoni, tafuta faida za tunda lolote uone aya zilezile zinavyozunguka kutoka tovuti hadi tovuti, na kosa la tahajia halijaguswa.

Nikaona tatizo langu ni zana. Nikalipia programu ya kigeni ya kuchunguza maneno yanayotafutwa sana mtandaoni, kwa dola, fedha inakatwa kwenye kadi kila mwezi. Nikaandika "kilimo cha zabibu". Sifuri. "Bei ya viwanja Dodoma". Sifuri. Nikajaribu kwa Kiingereza, namba zikafurika, lakini ni za watu wa California na India. Programu za aina hii zinakadiria, na kwa lugha ambayo watangazaji hawaifukuzii sana makadirio yanakuwa finyu au hayapo kabisa. Kwa hiyo sifuri ile haikumaanisha kwamba hakuna anayetafuta, ilimaanisha kwamba programu haioni. Kama unataka kulipia kitu cha namna hii, chukua kwanza siku za majaribio ya bure, uipe misemo mitano ya Kiswahili ambayo una hakika watu wa mtaani kwako wanaitafuta. Ikikujibu sifuri zote tano, okoa fedha yako ununue bando.

Kilichonitoa ni kisanduku cha kutafutia cha Google, kilekile cha bure ambacho kila mtu anacho. Ukianza kuandika kinakumalizia sentensi, na mapendekezo yale yanatokana na mambo ambayo watu wamewahi kuyatafuta kweli. Tunayaona kila siku na hatuyasomi. Siku moja nikaamua kuyasoma kwa utaratibu. Nilifungua dirisha fiche la kivinjari (incognito) ili historia yangu mwenyewe isichafue majibu, nikaandika "kilimo cha zabibu" na nafasi moja, kisha herufi a. Nikanakili yaliyotokea. Nikafuta a, nikaweka b. Nikaenda hivyo hadi mwisho wa alfabeti. Baadaye nikaacha herufi, nikaweka maneno tunayoanzia maswali: "kwa nini zabibu", "jinsi ya", "bei ya", "ni lini", "bila", "kwa ekari moja". Inachosha, na ukimaliza macho yanauma, lakini unasimama na kurasa kadhaa za daftari zilizojaa maswali ya watu halisi kwa maneno yao wenyewe.

Jambo la kwanza nililoliona ni neno pdf. Watu wanaliweka mwishoni mwa karibu kila zao: kilimo cha alizeti pdf, kilimo cha vitunguu pdf. Nilicheka kwanza, halafu nikaelewa. Mtu huyo hatafuti aina ya faili. Anataka kitu atakachokishusha mara moja, kikae kwenye simu, akisome shambani ambako mtandao unasuasua au bando limekata. Sasa kila makala yangu ya kilimo ina toleo lake la kupakua chini, jepesi, picha chache. Hilo si wazo jipya la mada, nakubali, lakini lilifufua makala ambazo nilishazizika.

Jambo la pili ni kwamba swali lenyewe halitoshi, lazima uangalie limejibiwa vipi. Bonyeza utafute. Soma ukurasa wa kwanza wa majibu, mmoja baada ya mwingine. Ukikuta majibu ya Kiingereza yamejaa kwenye swali la Kiswahili, au tovuti tano zina makala moja iliyonakiliwa, au mtu ameuliza kwenye Facebook na chini yake wamemjibu "njoo inbox", hapo kuna shamba ambalo halijalimwa. Ukikuta majibu mazuri, ya karibuni, ya mtu anayejua, mwachie. Andika lingine.

Nitoe mfano mmoja kwa kirefu kwa sababu ndio ulionifundisha kazi. Kwenye orodha yangu kulikuwa na swali la kupogoa zabibu. Majibu yaliyokuwepo yalitoka nchi za baridi, ambako mzabibu unalala wakati wa majira ya baridi, mkulima anapogoa ukiwa umelala, basi. Dodoma hatuna baridi ya kuulaza mzabibu. Huku mkasi ndio unaouamsha, na ndiyo maana tunavuna mara mbili kwa mwaka. Mtu wa Hombolo akifuata yale maelekezo ya mtandaoni neno kwa neno atasubiri majira yasiyokuja.

Nikapanda basi dogo hadi Mpunguzi, kwa mzee mmoja ambaye familia yetu inamfahamu. Nilimkuta kwenye safu, mkasi mkononi. Nikamwamkia, nikamwambia kuna watu mtandaoni wanauliza jinsi ya kupogoa. Hakushangaa hata kidogo. Alishika tawi lililokomaa, rangi ya kahawia, akahesabu macho, vile vinundu vinavyotoa chipukizi, kwa ukucha wa kidole gumba kutoka kwenye shina: moja, mbili. Akakata juu ya la pili, mshazari, upande wa mteremko ukitazama mbali na jicho ili maji yasitulie pale. "Mwanangu, kukata kila mtu anaweza," alisema. "Kazi ni kujua unakata lini. Ukikata leo hesabu kama miezi minne, zabibu imeiva. Sasa jiulize, huo mwezi mvua iko wapi?" Zabibu inayoivia kwenye mvua inashambuliwa na ukungu, na sukari yake haipandi vizuri. Inayoivia kiangazi ndiyo tamu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza mwishoni mwa mwaka hadi Aprili, kwa hiyo hesabu ile inafanyika kwa vidole.

Makala ile niliiandika usiku uleule. Niliongeza maelezo ya aina za zabibu zinazolimwa huku kwa ajili ya mvinyo, Makutupora nyekundu na Chenin Blanc nyeupe, na nikaelekeza watu kwenye kituo cha utafiti cha TARI Makutupora kwa ushauri wa kitaalamu. Haikulipuka. Ilikwenda polepole, na mpaka leo ndiyo inayosomwa kuliko zote. Mtandao ulinipa swali, jibu lilikuwa Mpunguzi. Tangu siku ile nimeacha kutegemea intaneti inipe makala nzima. Naitumia kujua watu wamekwama wapi.

Baada ya hapo nikafungua Google Search Console, ambayo ni bure pia, ila inabidi uthibitishe kwamba tovuti ni yako. Inakuonyesha maneno ambayo watu waliandika hadi ukurasa wako ukatokea kwenye majibu, umeonekana mara ngapi, umebofywa mara ngapi, uko nafasi ya ngapi. Data inarudi nyuma hadi miezi 16. Wengi wanaangalia yanayofanya vizuri wafurahi. Mimi naangalia yanayoonekana sana na hayabofywi, hasa yanayokaa nafasi ya nane hadi ya ishirini. Pale Google anakudhania kwamba unajua jambo ambalo hujaliandika. Nilikuwa na makala ya jumla kuhusu treni ya SGR baada ya safari za Dar es Salaam hadi Dodoma kuanza Julai 2024. Ndani ya ripoti nikakuta watu wanauliza habari za mizigo, habari za mtoto mdogo kama anakatiwa tiketi, na mmoja anayetaka kujua kama anaruhusiwa kupanda na ndoo ya zabibu. Makala moja ikazaa tatu. Ukiwa na blogu yenye umri wa mwaka na hujawahi kufungua ripoti hii, anzia hapa kabla ya kitu kingine chochote.

Google Trends, inayochora mstari wa utafutaji unavyopanda na kushuka, nayo ina faida yake, lakini isomwe kwa tahadhari. Ile 100 unayoiona si watu mia. Ni kilele cha utafutaji katika kipindi na eneo ulilochagua, na namba nyingine zote zinapimwa dhidi ya kilele hicho. Ukichagua mada ndogo ndani ya mkoa mmoja utaambiwa data haitoshi, na hilo halina maana kwamba mada imekufa. Ninachokifanya ni kuchagua Tanzania nzima, miaka mitano, na kuangalia umbo la mstari badala ya namba. Mstari unaopanda mwezi uleule kila mwaka ni zawadi, kwa sababu unajua lini uandike. Ukiandika siku ya kilele umechelewa, wenzako walishawekwa juu.

Kutokana na mistari ile nikajitengenezea kalenda ya Dodoma, na kusema kweli nusu yake ningeweza kuiandika bila kompyuta kama ningetulia. Januari, matokeo ya kidato cha nne. Aprili hadi mwisho wa Juni, Bunge la bajeti, nyumba za wageni zinajaa na bei zinapanda, mtu anatafuta pa kulala Nkuhungu au Kisasa kwa sababu katikati ya mji pamejaa. Mwanzoni mwa Agosti, Nane Nane kule Nzuguni. Kuelekea mwisho wa mwaka wanafunzi wapya wa UDOM wanafika, na mzazi aliyeko Bukoba anataka kujua kutoka stendi hadi chuoni ni mbali kiasi gani na vyumba vya kupanga vikoje. Makala za wanafunzi naziandaa Agosti, ziive taratibu.

Sasa nifike kwenye chanzo ninachokipenda kuliko vyote, ambacho sijaona waandishi wengi wa blogu wakikigusa. Tunaishi mji wenye Bunge, tunalalamikia misafara yake barabarani, lakini tovuti yake hatuifungui. Pale kuna Taarifa Rasmi, yaani Hansard, na maswali ya wabunge pamoja na majibu ya mawaziri. Kwa Kiswahili. Fikiria: mtu amechaguliwa na watu wa jimbo lake, amebeba shida yao, ameiweka kwenye sentensi mbili tatu, na waziri amelazimika kujibu kwa namba na majina ya maeneo. Hakuna programu ya kulipia itakayokupa orodha ya maswali ya Watanzania iliyo safi kuliko hiyo.

Tafuta neno moja tu ndani yake na ulifuate miaka kwa miaka. Nilifuata Bwawa la Farkwa, lile la Chemba linalotajwa kila maji ya jiji yanapozungumzwa. Limeulizwa, limejibiwa, likaulizwa tena. Ukipanga majibu kwa tarehe unapata simulizi ambayo hakuna taarifa ya habari ya siku moja inayoweza kukupa. Kutoka hapo nikaandika makala ya maji ya Dodoma yanatoka wapi, nikianzia visima vya Mzakwe ambavyo vimeunywesha mji huu miaka na miaka. Wageni wengi waliniandikia kwamba walidhani tunakunywa maji ya ziwa fulani.

Nikatafuta pia zabibu humohumo, nikakutana na mjadala wa mchuzi wa zabibu na kodi zake. Mchuzi ni ile juisi iliyokamuliwa ambayo wenye viwanda vya mvinyo wananunua. Mkulima anaukimbilia kwa sababu tunda likishakatwa linaharibika ndani ya siku chache, na mnunuzi akichelewa bei anaipanga yeye. Ukikamua na kuhifadhi kwenye tangi umenunua muda. Hiyo ni makala nzima ya uchumi wa kijijini, na imetoka kwenye swali la mbunge.

Kuna na Hansard nyingine, ya Uingereza, imewekwa mtandaoni hadi miaka ya 1800 huko. Inahusiana nini na sisi? Kongwa, wilaya ya mkoa wetu huu huu. Mwaka 1947 Waingereza waliingia Kongwa na matingatinga kulima karanga za kukamua mafuta kwa ajili ya nchi yao iliyotoka vitani. Ardhi ya pale kiangazi inakaza ikavunja majembe ya mashine, mvua hazikufuata ratiba ya wakubwa, na mwanzoni mwa 1951 mpango ukafutwa baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Wabunge wa London waligombana juu ya Kongwa yetu na maneno yao yamehifadhiwa siku kwa siku. Nilisoma hadi usiku wa manane, bando likakata, nikanunua lingine. Wasomaji wangu kutoka Kongwa, tena vijana, waliniambia wanapita kila siku kwenye majengo ya enzi hizo na hawakuwahi kusimuliwa. Mmoja alimpa babu yake simu anisahihishe jambo, na mzee akanisahihisha kweli.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta nyaraka za zamani na za serikali kwa makusudi. Kuna mbinu ndogo ambayo kila mwandishi anapaswa kuijua. Kwenye Google andika mada yako, kisha site:go.tz bila kuacha nafasi katikati, na ukitaka nyaraka tu ongeza filetype:pdf. Majibu yote yatatoka kwenye tovuti za serikali: wasifu wa wilaya, bajeti za halmashauri, miongozo ya mazao. Maandishi yake yanachosha, ndiyo, yameandikwa na kamati. Lakini ndani ya jedwali la ukurasa wa arobaini kuna kitu ambacho hakuna aliyekigeuza kuwa lugha ya kusomeka. Matokeo ya sensa ni hivyo hivyo. Mkoa wa Dodoma ulikuwa na watu 2,083,588 mwaka 2012, na 3,085,625 mwaka 2022. Watu milioni moja zaidi ndani ya miaka kumi. Kila swali la kodi ya nyumba, foleni ya bajaji na bei ya kuku wa kienyeji pale Majengo linapita kwenye hiyo tofauti, na mimi niliikuta kwenye jedwali la Ofisi ya Taifa ya Takwimu, bure.

Tasnifu za vyuo nazo usizidharau. SUA na UDOM wanaweka kazi za wanafunzi wao wa uzamili mtandaoni, na mwanafunzi aliyekaa miezi Chamwino akihoji wakulima wa uwele ana mambo ambayo hatayaandika tena popote. Ziko kwa Kiingereza mara nyingi. Unachochukua ni jambo, kwa maneno yako, na unamtaja aliyelifanyia kazi. Kuchukua aya na kuipitisha kwenye tafsiri ya mashine ni wizi, na ni wizi unaoonekana, kwa sababu Kiswahili chake kinanuka mashine.

Nikitaja mashine, najua utaniuliza kuhusu akili mnemba. Nimeitumia. Niliiomba mada hamsini kuhusu Dodoma ikanipa hamsini ndani ya sekunde chache, na nyingi zilikuwa ndugu za "Faida 10". Inakupa kile ambacho kila mtu ameshakisema, kwa sababu ndicho ilichokisoma. Moja ya mada ilinielekeza niandike kuhusu fukwe za Dodoma. Nilipogeuza matumizi ikaanza kunifaa: naipa rasimu yangu, naiambia iwe msomaji mgeni asiyejua chochote kuhusu huku, inipe maswali ambayo makala haijayajibu. Kati ya maswali kumi, mawili matatu huwa ni ya kweli. Majibu yake siyachukui.

Google Alerts, ile inayokutumia barua pepe kila msemo uliouchagua unapotokea mtandaoni, niliweka, nikaandika Dodoma tu, barua pepe ikajaa habari za viongozi kufungua semina. Weka msemo mwembamba ndani ya alama za kunukuu, kama "mpunga wa Bahi" au "soko la Kibaigwa". Zitakuja chache, zote za maana.

YouTube ni tofauti. Video zenyewe wala siziangalii hadi mwisho, nakwenda kwenye maoni. Tafuta video ya Kiswahili yenye watazamaji wengi kuhusu mada yako, shuka chini, usome maoni yanayouliza. "Kaka hujasema unaweka dawa baada ya siku ngapi." "Samahani, huku kwetu Singida itastawi?" Mwenye video ameshaondoka, maswali yamebaki yananing'inia. Kwenye makundi ya WhatsApp kuwe na adabu: yale ni mazungumzo ya watu. Nikiona swali zuri namfuata aliyeuliza pembeni, namwomba ruhusa, na jina lake siliweki. Kuna mwenzetu alinakili malalamiko ya kundi la wapangaji yakafika kwa mwenye nyumba. Sitasema yaliyofuata.

Utunzaji wa mawazo ulinishinda kwa muda. Nilikuwa nayo kwenye picha za skrini, kwenye karatasi za vocha, kwenye ujumbe niliojitumia mwenyewe. Sasa ni lahajedwali moja kwenye simu yenye safu tatu: swali kama lilivyoulizwa, nimelitoa wapi, na nani au nini hapa Dodoma anaweza kulijibu. Safu ya tatu ikikaa tupu wiki kadhaa, nafuta mstari mzima. Mwanzoni kufuta kuliniuma, nikidhani natupa mali. Lakini swali ambalo sina wa kumuuliza wala hati ya kusoma nitalijibu kwa kubahatisha tu.

Na gharama? Bando linakula zaidi ya kikoa na uhifadhi wa tovuti kwa mwaka mzima, hasa ukianza kushusha pdf za serikali, ambazo nyingine ni picha zilizopigwa skani na ni nzito ajabu. Nashusha usiku kwa kifurushi cha usiku. Nauli za kwenda vijijini nazihesabu kama sehemu ya kazi. Na kabla hujaruka kwenye mada za habari na matukio kwa sababu Trends imekuonyesha mstari unapanda, soma kanuni za TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Mwaka 2018 ada ya maombi ilikuwa shilingi 100,000, leseni 1,000,000, na 1,000,000 nyingine kila mwaka, na watu walifunga blogu. Kanuni ziliandikwa upya 2020 na kurekebishwa tena 2022, kwa hiyo usitegemee alichokwambia rafiki yako. Nenda kwenye tovuti yao uone maudhui yako yanaangukia kundi gani, ndipo uamue.

Wiki hii juu kabisa ya lahajedwali lipo swali la mama mmoja wa Mbeya aliyeolewa huku: mlenda wa kukausha unakaa muda gani kwenye kopo kabla haujaharibika, na mbona wake unaingia wadudu. Nimepitisha kwenye kisanduku cha kutafutia, majibu ni mapishi matupu. Tasnifu moja inagusa ukaushaji wa mboga lakini inaishia kwenye virutubisho. Safu ya tatu nimeandika: akina mama wa mlenda, soko la Majengo, asubuhi kabla wateja hawajajaa. Nikipata jibu litakuwa hewani Alhamisi.